Homoni na Saa Yake: Maisha Yangu Katika Utafiti wa Kuzeeka

Nilipoingia katika utafiti wa homoni mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazo lililotawala kuhusu uzee lilikuwa jepesi na lenye mvuto: mtu huzeeka kwa sababu anapungukiwa, kwa hiyo akirudishiwa kilichopungua atapata nafuu. Wazo hilo halikuwa geni hata kidogo. Mwaka 1889 mwanafiziolojia Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis katika kisiwa cha Mauritius, akiwa na umri wa miaka 72, aliwaeleza wanasayansi wenzake mjini Paris kwamba alikuwa amejidunga majimaji yaliyokamuliwa kutoka katika korodani za wanyama, na kwamba nguvu zake zilikuwa zimerejea. Leo tunajua kuwa majimaji yale hayakuweza kubeba homoni ya kutosha kuleta badiliko lolote la namna hiyo. Hata hivyo, imani aliyoianzisha iliendelea kuishi muda mrefu baada yake, na mwaka 1990 ikapata kile kilichoonekana kuwa uthibitisho wa kisayansi, pale Daniel Rudman na wenzake nchini Marekani walipowadunga homoni ya ukuaji wanaume 12 wenye umri wa zaidi ya miaka 60 kwa muda wa miezi sita. Mafuta ya mwili yalipungua kwa takriban asilimia 14, na uzito wa sehemu isiyo ya mafuta ukaongezeka kwa karibu asilimia 9. Haikuonyeshwa kwamba waliishi zaidi, lakini biashara ya sindano za ujana ilianzia hapo.

Mimi nilikuwa nimetoka Dar es Salaam nikiwa na mafunzo ya maabara ya hospitali, na hamu yangu ilikuwa kisukari, ugonjwa uliokuwa umemsumbua mama yangu mkubwa kwa miaka mingi. Nilipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamivu katika chuo kimoja cha katikati mwa Marekani, katika maabara iliyochunguza namna homoni zinavyoongoza matumizi ya chakula mwilini na namna mambo hayo yanavyobadilika umri unaposogea. Sikujua wakati huo kwamba ningekaa katika uwanja huo maisha yangu yote ya kazi. Nilichokuja kukielewa, na ambacho bado nahangaika kuwaeleza wanafunzi na wagonjwa, ni kwamba karibu kila swali tulilouliza kuhusu kiasi cha homoni lilikuwa, kwa undani wake, swali la wakati: saa gani ya siku, hatua gani ya maisha, baada ya muda gani tangu mlo wa mwisho.

Somo hilo nilianza kulipata katika upimaji wenyewe. Kipimo tulichokitumia kilibuniwa na Rosalyn Yalow na Solomon Berson katika hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Bronx, New York, mwishoni mwa miaka ya 1950, na ndicho kilichompatia Yalow Tuzo ya Nobel mwaka 1977, Berson akiwa tayari amefariki. Unachukua kiasi maalumu cha homoni iliyobandikwa ayodini yenye mionzi, unakichanganya na kingamwili zinazoishika homoni hiyo, kisha unaongeza majimaji ya damu unayotaka kuyapima. Homoni iliyomo katika damu inagombania nafasi kwenye kingamwili na ile yenye mionzi. Kadiri ya kwanza inavyokuwa nyingi, ndivyo mionzi inayobaki imeshikwa inavyokuwa kidogo. Kwa hiyo nilikuwa nikipanga neli ndogo za plastiki mstari kwa mstari ndani ya barafu, ninadondoshea kila moja kwa pipeti, ninaziacha usiku kucha kwenye jokofu, na asubuhi ninamwaga majimaji ya juu bila kutikisa mashapo meupe yaliyoganda chini ya neli. Mashapo hayo, ambayo ukiyainua kwenye mwanga yanaonekana kama doa dogo la chokaa, ndiyo yaliyokuwa yamebeba jibu lote. Ukimwaga kwa pupa yakaondoka, neli hiyo haina thamani tena.

Ustadi wa mkono, hata hivyo, haukutosha. Homoni ya ukuaji hutolewa na tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, kwa mafungu, na fungu kubwa kuliko yote kwa binadamu huja katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Kijana mwenye afya kamili akitolewa damu saa nne asubuhi anaweza kuonekana karibu hana homoni hiyo, ilhali angepimwa saa sita usiku angekutwa nayo tele. Ndiyo maana wataalamu hupendelea kupima IGF-1, protini ambayo ini hutengeneza kwa kuamriwa na homoni ya ukuaji na ambayo haipandi na kushuka kwa kasi. Kwa panya mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu panya akishikwa na mkono asiouzoea, homoni za hofu hupanda ndani ya dakika chache na sukari ya damu hupanda nazo. Tulijifunza kuwazoesha kwanza, kuwashika kila siku kwa upole, na kuchukua tone la damu mkiani upesi kabla mwili haujapata nafasi ya kubadilika. Profesa wangu alikuwa na desturi ya kuuliza, kila mwanafunzi alipomletea matokeo, damu ilitolewa saa ngapi na nani alimshika mnyama. Asipopata jibu, hakuyatazama matokeo.

Mwaka 1996 ndipo mambo yalipogeuka. Holly Brown-Borg, Andrzej Bartke na wenzao walichapisha matokeo kuhusu panya wadogo wanaoitwa panya wa Ames, kwa jina la mji wa jimbo la Iowa walikogunduliwa. Panya hao wana hitilafu ya jeni inayofanya tezi yao ya pituitari isitengeneze homoni ya ukuaji, prolaktini (homoni ya kutengeneza maziwa), wala homoni inayoamsha tezi ya thairoidi. Aliyekomaa miongoni mwao ana uzito wa takriban theluthi moja ya ndugu yake wa kawaida, majike yao hayazai, na joto la mwili wao liko chini. Kwa hesabu ya wazo la upungufu, viumbe hao walipaswa kuzeeka mapema na kufa mapema. Waliishi takriban nusu zaidi ya wenzao, na majike hata zaidi ya hapo. Upande wa pili, panya waliokuwa wamepandikizwa jeni za kuwaongezea homoni ya ukuaji walikuwa wakubwa na wenye nguvu ujanani, lakini figo zao ziliharibika mapema na maisha yao yakawa mafupi.

Niliwahudumia panya wa aina hiyo kwa miaka kadhaa, nami nakumbuka vizuri jinsi walivyotushangaza. Panya wa kawaida akifikisha miaka miwili huanza kupinda mgongo, manyoya hunyonyoka, na jicho moja au yote mawili huingia ukungu. Kadi iliyoning'inia kwenye kizimba ingesema amezaliwa mwezi uleule na panya mdogo wa Ames, lakini mdogo huyo angekuwa bado ana manyoya laini yenye kung'aa na angezunguka kizimba bila kujikokota. Insulini yake ilikuwa kidogo, na kile kidogo kilifanya kazi barabara: sukari ilishuka kwa dozi ambayo panya wa kawaida asingeitambua. Tuliwaweka pamoja na majike wa kawaida ili wapate joto, kwani peke yao walitetemeka. Jambo hilo la joto lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwaka 1972 watafiti wengine walikuwa wameripoti kwamba panya wa Snell, ambao upungufu wao wa homoni ni sawa kabisa, huzeeka upesi na kufa wakiwa na umri wa miezi michache tu, na ripoti hiyo ilikubaliana na yale ambayo kila mtu aliyatarajia. Ilichukua karibu miaka 30 hadi mwaka 2001 ilipoonyeshwa kwamba panya hao hao, wakitunzwa katika mazingira yanayowafaa, wanaishi zaidi ya wenzao kwa karibu asilimia 40. Tangu hapo siwezi kusoma utafiti wa maisha ya wanyama bila kwanza kutafuta aya inayoeleza vizimba, chakula na joto la chumba.

Baadaye John Kopchick wa Chuo Kikuu cha Ohio alitengeneza panya ambao homoni ya ukuaji wanayo tele, lakini seli zao hazina kipokezi cha kuisikia. Nao waliishi muda mrefu, na mmoja wao alikufa akikaribia kabisa kutimiza miaka mitano, umri ambao hakuna panya wa maabara aliyekuwa amewahi kujulikana kuufikia. Matokeo yaliyonibadilisha kuliko yote yalikuja baadaye zaidi: watafiti waliwadunga panya wa Ames homoni ya ukuaji kwa wiki chache tu za utoto, kisha wakaacha. Panya hao walikua, na umri wao wa kuishi ukapungua. Wiki chache za mwanzo, ambazo mwilini zilikuwa zimeshasahaulika kwa kipimo chochote cha damu cha utu uzima, ziliacha alama hadi mwisho wa maisha. Hapo ndipo nilipoacha kabisa kufikiria homoni kama petroli ya kujaza inapopungua.

Watu huniuliza kama haya yanamhusu binadamu. Yanamhusu, lakini si moja kwa moja. Katika milima ya kusini mwa Ecuador wapo watu wenye hali inayoitwa sindromu ya Laron, kwa jina la daktari Zvi Laron aliyeieleza nchini Israel mwaka 1966: kipokezi chao cha homoni ya ukuaji hakifanyi kazi, nao ni wafupi sana. Jaime Guevara-Aguirre, daktari wa Ecuador, aliwafuatilia kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka 2011 yeye na Valter Longo, mtafiti wa uzee, waliripoti kwamba miongoni mwa watu 99 waliofuatiliwa hakuonekana hata mmoja mwenye kisukari, na saratani ilikuwa moja tu, isiyoua. Ilhali miongoni mwa ndugu zao wa kimo cha kawaida, wanaokula chakula kile kile, saratani ilifikia asilimia 17 na kisukari asilimia 5. Lakini hawakuishi zaidi ya ndugu zao. Wengi walikufa kwa ajali, kwa pombe na kwa magonjwa ambayo hayana uhusiano na uzee. Nayasisitiza haya kila mara kwa sababu wapo wanaoyaacha wanapolisimulia jambo hili, na kwa sababu watu hao si panya wa majaribio. Kimo chao kimewagharimu kejeli na ajira, na mtoto mwenye upungufu wa homoni ya ukuaji anayepelekwa kwa daktari akiwa bado anakua anastahili kutibiwa bila kusitasita.

Homoni za wanawake zilitufundisha somo lile lile kwa gharama kubwa zaidi. Kwa miaka mingi wanawake waliokoma hedhi walipewa estrojeni kwa imani kwamba ingewalinda na magonjwa ya moyo. Jaribio kubwa la Marekani lililohusisha zaidi ya wanawake 16,000 waliopewa ama estrojeni pamoja na projestini (homoni nyingine ya kike, ya kutengenezwa) ama vidonge visivyo na dawa lilisimamishwa mwaka 2002, kwa sababu saratani ya matiti, kiharusi na matatizo ya moyo yalionekana zaidi kwa waliopewa homoni. Madaktari wengi waliacha kuziandika karibu usiku mmoja. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba wengi wa wanawake wale walikuwa wamepita miaka 60, muda mrefu baada ya hedhi kukoma, na kwamba kwa mwanamke anayeanza tiba akiwa bado karibu na wakati huo uwiano wa faida na madhara ni tofauti. Nimewaona wanawake wenzangu wakivumilia kwa miaka joto la ghafla na kukosa usingizi kwa sababu ya habari ya 2002 iliyowafikia nusu nusu, na jambo hilo hunihuzunisha kuliko makosa mengi ya taaluma yetu.

Nilirudi Tanzania nikiwa na umri wa kati, nikagawa muda wangu kati ya kufundisha na kliniki ya kisukari. Nchi niliyoirudia haikuwa ile niliyoiacha. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1989 na Donald McLarty na wenzake katika vijiji vya Tanzania, wenye kisukari walikuwa chini ya asilimia moja ya watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban asilimia 9 miongoni mwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Kliniki ilikuwa imejaa, na kipimo ambacho wagonjwa wetu wanakiita cha miezi mitatu, yaani kile kinachoangalia sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, kilikuwa kimeanza kutumika. Hapa tena wakati ulijitokeza. Kipimo hicho kinategemea dhana kwamba chembe nyekundu zinaishi takriban siku 120, na dhana hiyo si kweli kwa kila mtu. Mwenye kinasaba kimoja cha selimundu, hali ambayo ni ya kawaida katika maeneo mengi yenye malaria kwetu, anaweza kupata jibu la chini kuliko sukari yake halisi. Utafiti wa mwaka 2017 miongoni mwa Wamarekani weusi ulikuta tofauti ya takriban pointi 0.3 za asilimia. Namba hiyo ni ndogo kwenye karatasi, lakini kwa mtu aliye mpakani inaamua kama ataambiwa ana ugonjwa au hana. Ndiyo maana huwaomba vijana wangu wasiache kipimo cha sukari ya kidole na cha kufunga kula kwa sababu tu kuna mashine mpya.

Wapo pia waliokuja kutafiti kwetu na kutusaidia kujielewa. Mtafiti wa Marekani Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadza wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi, wakitumia maji yenye atomi nzito za haidrojeni na oksijeni, ambayo hunywewa kisha hufuatiliwa kwenye mkojo ili kujua mwili umechoma nishati kiasi gani kwa siku. Matokeo yao ya mwaka 2012 yaliwashangaza wengi: Wahadza, wanaotembea na kuchimba mizizi kila siku, hawakuchoma nishati zaidi ya wakaaji wa miji ya Marekani na Ulaya wenye ukubwa wa mwili kama wao. Mwaka 2021 kundi kubwa lililomhusisha Pontzer lilikusanya vipimo vya aina hiyo kwa watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wachanga hadi wazee wa miaka 95. Ukiondoa tofauti za ukubwa wa mwili, uchomaji wa nishati ni wa juu mno karibu na umri wa mwaka mmoja, hushuka taratibu hadi miaka 20, hubaki palepale hadi miaka 60, kisha hupungua kwa takriban asilimia 0.7 kila mwaka. Kila wiki husikia mtu wa miaka 40 akisema mwili wake hauchomi tena chakula kama zamani. Kwa kadiri ya ushahidi huu, mwili wake unachoma vilevile. Kilichobadilika ni sahani, usingizi na mwendo wa siku yake.

Mzee mmoja mstaafu wa reli, anayehudhuria kliniki yetu, alinifikia baada ya foleni kuisha. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akatoa karatasi aliyopewa na muuzaji iliyotangaza sindano za homoni ya ukuaji za kurudisha ujana.

"Mwanangu, nakuuliza wewe kwa kuwa ndiyo kazi yako. Hii kitu itanisaidia au nitatupa pensheni?"

Nilimweleza kwamba kwa mtu wa miaka 71 mwenye kisukari sindano hizo zina hatari iliyo wazi, kwa sababu homoni ya ukuaji hufanya insulini ishindwe kufanya kazi na sukari hupanda. Kwamba mikono na miguu huweza kuvimba na viungo kuuma. Na kwamba misuli inayoonekana kuongezeka haimaanishi nguvu ya kupanda ngazi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo wataalamu wenzangu huwa hawaniulizi: kama homoni hiyo ikipungua ni salama, mbona anakonda na kuishiwa nguvu?

Swali lake ni la haki. Uchache wa homoni ya ukuaji unaowalinda panya wa Ames tangu kuzaliwa si sawa na kupungua kunakomjia mtu baada ya miaka 60 ya kuwa nayo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, uliotumia takwimu za lishe za Wamarekani zaidi ya 6,000, ulikuta kwamba waliokula protini nyingi wakiwa kati ya miaka 50 na 65 walikufa zaidi kwa saratani, lakini baada ya miaka 65 uhusiano huo uligeuka na protini ikaonekana kuwafaa. Ni utafiti wa kutazama tu, hauthibitishi chanzo, na nisingependa mtu ajenge sheria juu yake. Lakini unakubaliana na ninachokiona: mzee anayekula uji mtupu asubuhi na ugali na mchuzi jioni anapoteza misuli haraka. Nilimshauri aongeze maharage, dagaa na yai anapolimudu, atembee kila siku na ainuke kwenye kiti bila kushika kitu mara kadhaa asubuhi na jioni, na turudie vipimo vyake baada ya miezi mitatu.

Kazi ninayoifanya sasa na wanafunzi wangu imetokana na swali hilo. Viwango vya kawaida vya IGF-1 na homoni nyingine vinavyochapishwa kwenye majibu ya maabara zetu vimetokana kwa sehemu kubwa na damu ya watu wa Ulaya na Marekani, na kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 70 hata huko takwimu ni chache. Tunakusanya damu za wazee wenye afya, wote wakiwa hawajala tangu jioni, wote kabla ya saa mbili asubuhi, tukiandika kama walilala na njaa au wameshiba, dawa wanazotumia, na kama wana kinasaba cha selimundu. Ni kazi ya polepole, kwani mzee akija amekunywa chai njiani tunamshukuru na kumpangia siku nyingine, na hatuchukui sampuli yake siku hiyo hata kama ametoka mbali.